Mshtarii wa Sabuni

Nina hasira za karibu. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili. Wanafunzi wangu wanalijua, wauza nyanya wanalijua, na mama yangu, aliyenilea hapa Rusimbi kwa moshi wa mawese na subira isiyo na kipimo, analijua kuliko wote. Kwa hiyo nikisema kwamba jambo nililolitamani tangu utotoni nilikaribia kuliharibu mwenyewe, kwa sababu ya donge la sabuni, wanaonifahamu hawatashangaa.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Nilitaka kumwona mama akiingia kwenye lango la shule.

Shule yenyewe iko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, upande wa Ujiji. Ndiyo niliyosoma mimi, na ndiyo ninayofundisha sasa. Nilipokuwa mwanafunzi, vikao vya wazazi alikuja baba, na baba alipofariki akawa anakuja mama mdogo. Siku niliyomaliza darasa la saba mama alipika pilau, akanisubiri nyumbani. Siku niliyorudi pale nikiwa mwalimu, akapika tena pilau, akanisubiri nyumbani. Hata akienda sokoni hapiti barabara ya mbele ya shule. Anazunguka nyuma ya nyumba za watu, karibu na mitaro na mabanda ya kuku, njia ndefu na yenye harufu, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Mama mdogo ndiye aliyenieleza sababu, nikiwa mkubwa tayari. Mama alivuka ziwa na wazazi wake akiwa mtoto, kutoka ng'ambo, kule ambako mbingu zikitakata tunaona milima yake. Walipopata chumba cha kukaa, bibi alimwandikisha darasa la kwanza, shule hiyo hiyo. Siku ya kwanza mwalimu alimwita mbele, akampa vijiti ahesabu. Mama alikuwa ameshazoea kukaa na bibi kwenye biashara, akavipanga vijiti mafungu ya vitano vitano, kama watu wanavyopanga dagaa au vitunguu, akatazama mafungu, akatoa jibu. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini mwalimu alimwambia kwamba sivyo watu wanavyohesabu, arudie kimoja kimoja. Akarudia, akapanga mafungu. Akaambiwa arudie tena. Darasa zima likawa linacheka, na mwalimu naye, alisema mama mdogo, alikuwa anacheka. Ilipofika saa sita mama akatoka langoni, akaenda moja kwa moja kwenye chungu cha sabuni cha bibi, akashika mwiko. Hakuna aliyemlazimisha kurudi. Alisoma siku moja.

Mimi hadithi hiyo nilikuwa naijua. Ndilo jambo linaloniumiza zaidi nikikumbuka yaliyofuata.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha mfumo wa jua, na kitabu kilikuwa kinanikera. Kilikuwa na picha ya sayari zote nane zimepangwa mstari mmoja kama sahani kabatini, ukurasa ukiwa mwembamba mchoraji akazibana zikaenea. Ukiitazama picha ile unadhani Mshtarii ni jirani wa Dunia aliyenenepa kidogo tu. Nilipouliza darasani, mwanafunzi mmoja akajibu hivyo hivyo, kwamba Mshtarii imeizidi Dunia kidogo. Sikuweza kumlaumu. Nikataka kitu ambacho watoto watakishika mkononi, na kitu cha kushikika kwetu ni sabuni.

Mama anapika sabuni ya mawese. Mafuta huletewa kwenye madumu kutoka Simbo, anayachemsha, anachanganya na magadi makali kwa kipimo anachokijua yeye, anamimina kwenye kisanduku cha mbao, na ikishika anaikata kwa waya iwe miche. Makombo yanayobaki pembeni hayatupi. Anayaponda, anayakanda kwa viganja mpaka yawe madonge ya mviringo, na wanawake wanaofulia ziwani huyapenda kuliko miche kwa sababu yanakaa vizuri mkononi. Nilikuwa nayatazama madonge hayo siku moja nikaona sayari.

Nikamweleza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mimi nimesimama na kitabu. Nikamwambia Dunia iwe ya ukubwa wa ndimu. Zuhura iwe kama Dunia, apunguze kidogo sana. Mirihi iwe nusu. Zebaki iwe ndogo kuliko zote. Uranusi na Neptuni ziwe mara nne, Zohali mara tisa, na Mshtarii mara kumi na moja. Hakuandika kitu, lakini aliponirudishia orodha hakukosea hata moja. Akaniuliza kama hii yetu ndiyo ile ya ndimu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ziwa lote limo humo. Nikasema limo, na ng'ambo imo, na Dar es Salaam imo.

"Basi tumebanana kwenye hiyo ndimu," akasema, akacheka.

Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea. Alisema sabuni mbichi ikibebwa ovyo inabonyea, na mikono yangu anaijua, kwa hiyo Ijumaa atazileta mwenyewe shuleni. Niligeuza uso nikajifanya natafuta kalamu kwenye mkoba, kwa sababu niliogopa kwamba akiona nimefurahi atakumbuka ni wapi anapozileta.

Alhamisi mchana nikapita kuzitazama. Sinia lilikuwa kwenye benchi, limepangwa madonge manane, laini, ya rangi ya chungwa lililoiva, na mama amesimama kando yake kama mtu aliyemaliza kusuka nywele za bibi harusi. Nikatafuta Mshtarii. Kulikuwa na donge kubwa kama chungwa la kuchagua, na pembeni yake jingine linalokaribiana nalo. Nikauliza Mshtarii iko wapi. Akanionyesha hilo chungwa.

Nilitoa rula kwenye mkoba. Hata sasa natamani ningeisahau shuleni. Nikapima, nikamwambia hii ni mara mbili tu ya Dunia, mara mbili na kidogo, mimi nimesema kumi na moja. Mama akanijibu kwa utulivu kwamba amekanda madonge kumi na moja ya kipimo kile kile cha Dunia, akayaunganisha, hakuna hata kipande kilichopungua, kama sisadiki nilivunje nihesabu. Palikuwa na wateja wawili wamekuja kuchukua miche. Walikuwa wanasikiliza. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watoto kwamba kesho watashangaa, na nikaona kitakachowashangaza ni chungwa.

"Sivyo watu wanavyohesabu, mama," nikasema. "Haya ndiyo mambo ya kutosoma."

Maneno yalinitoka yote kwa pamoja, na nilipoyasikia nilijua nimeyasema ya nani. Ni yale yale aliyoambiwa akiwa na vijiti mkononi. Mmoja wa wateja alitazama chini. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua kanga iliyokuwa kwenye kamba, akalifunika sinia.

Mama akiumia, Kiswahili cha ng'ambo humrudi mdomoni.

"Mi siendi kule," akasema. "Benye kusoma baende."

Ijumaa nilifundisha kwa chaki. Nilichora miduara ubaoni, ule wa Mshtarii ukaishia kwenye fremu ya ubao kabla haujakamilika. Watoto waliuliza sabuni ziko wapi, nikasema aliyekuwa azilete amepata udhuru. Nikabandika ukutani karatasi ya manila niliyoiandika kwa herufi kubwa, tena kwa wino mwekundu: Mshtarii ni kubwa mara kumi na moja kuliko Dunia. Nilijiona nimefanya kazi yangu. Moyoni nilikuwa nimevurugika.

Jumamosi asubuhi nikaenda nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba ya kumwitikia mteja. Nikamwambia mama nisamehe, nimekukosea sana, na sababu sina. Akaniambia nikoroge, mafuta yatashika chini. Nikakoroga mpaka mabega yakauma. Moshi ulikuwa unanifuata kila upande niliohamia, machozi yakanitoka, na sikujua yapi ni ya moshi. Mama alikuwa mbele yangu anakata miche kwa waya, hazungumzi. Ila niliona mara mbili, mara tatu, anasimamisha kazi, anachukua vipande viwili anaviweka sambamba, anavitazama, anavirudisha. Nilipoaga alisema asante kwa kukoroga. Nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga nikalala mchana kama mgonjwa.

Jumatatu nilipotoka shuleni simu ikaita. Mama alisema neno moja tu, "Njoo."

Nilimkuta kwenye benchi lile lile. Kanga ilikuwa imeondolewa kwenye sinia, na kando yake palikuwa na rundo la vipande vidogo vya sabuni vya pembe nne, vyote sawasawa, kila kimoja kama pingili ya kidole gumba. Alikuwa amekatakata miche mizima ya kuuza. Hakunikaribisha kukaa. Akaniuliza niliwaambia nini watoto siku ya Ijumaa. Nikasema niliwaambia Mshtarii ni kubwa mara kumi na moja.

"Mara kumi na moja ya nini?"

Nikatazama lile rundo la vipande.

Akaweka kipande kimoja mbele yangu, akasema hiki ndicho Dunia. Akataka nimtengenezee kingine chenye upana mara mbili. Nikapanga vipande viwili mstari mmoja. Akasema huo ni mche, si donge. Donge lina upana huku, lina upana na huku, na lina kimo. Nikaongeza viwili pembeni vikawa vinne, nikaongeza vinne juu vikawa vinane. Akaniacha nivitazame. Kisha akataka cha upana wa tatu, nikapanga vitatu kwa vitatu, sakafu tatu, vikafika ishirini na saba. Mikono yangu ilishaanza kuelewa kabla ya kichwa.

"Sasa nipe hicho chako cha kumi na moja."

Nilichukua kalamu. Yeye hakuchukua kitu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyojumlisha mzigo wa mtu: mafungu kumi na moja ya kumi na moja ni mia na ishirini na moja, hiyo ni sakafu moja, na sakafu zenyewe ziko kumi na moja. Alitazama juu kidogo. Elfu moja mia tatu thelathini na moja, akasema, wakati mimi na cheti changu cha ualimu bado ninabeba moja kwenye karatasi. Nikamaliza hesabu yangu, ikawa hiyo hiyo. Nikatoa kitabu cha mwalimu kwenye mkoba, nikatafuta mistari midogo chini ya picha ambayo sikuwa nimehangaika kuisoma, na pale paliandikwa kwamba ndani ya Mshtarii Dunia zetu zingeenea zaidi ya elfu moja na mia tatu. Nikavuta kigoda nikaketi.

Mama akasema yeye alikosea, alipima ujazo nami nilitaka upana, na hilo angeniuliza mapema. Angelijua, angeniambia sabuni ya kutengeneza dude kama lile haipo nyumba hii, labda apike mwezi mzima bila kuuza. Halafu akanikazia macho.

"Na weye umekosea. Umesema kumi na moja, ukanyamaza. Umewapunja wale batoto."

Kwa mama hakuna neno zito kuliko hilo. Miaka yote ameuza hapa, Waha kwa Wabembe, Waislamu kwa Wakristo, na hakuna aliyewahi kutamka kwamba alimpunja hata ncha ya mche. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Na chini ya aibu hiyo nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, kwa sababu mtu aliyeketi mbele yangu alikuwa amekaa siku nne na Mshtarii kichwani, badala ya kukaa na maneno yangu.

Akasema kesho niende nikawaambie. Nikasema nitawaambia, lakini sitaweza peke yangu, twende wote. Alishika waya wa kukatia, akauzungusha kwenye kidole, akaukunjua. Sikutaka kumbembeleza kwa maneno matamu, hatujazoeana hivyo. Nikachukua mche nikakata vipande vitano, nikamwekea mbele. Vilikuwa vimekwenda upande vyote.

"Nikikata mimi, sakafu itaanguka," nikasema.

Akachukua kimoja akakigeuza geuza. Akasema ni kweli, ni vibaya sana.

Hakusema atakuja. Jumanne kipindi kilikuwa saa nne, baada ya chai, na tangu saa tatu na nusu nilikuwa langoni nikijifanya nasimamia watoto wasitoke kununua ubuyu. Nilikuwa nimeshajipa moyo kwamba asipokuja nitapanga mwenyewe vile vyangu vilivyopinda. Nikamwona anakuja kwa barabara ya mbele. Amevaa kitenge chake cha kanisani, beseni kichwani, hatua zake fupi, anatazama mbele tu.

Alipofika langoni akasimama. Akashusha beseni, akaliweka chini. Watoto walikuwa wanapita pembeni yake wakimwamkia, naye anaitikia bila kuwatazama. Akaniuliza wako wangapi darasani. Nikasema wanakaribia mia. Akauliza kama mwalimu wao ni mimi na si mwingine. Nikasema ni mimi. Akauliza nitasimama wapi. Nikamwambia popote atakapotaka nisimame.

"Simama nyuma, kule kwa batoto," akasema. Akainama, nikamsaidia kujitwika beseni, akapita.

Darasani nilianza mimi, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Niliwaambia karatasi niliyobandika imesema nusu ya maneno, kumi na moja ni upana tu, na mwenye kujua zaidi ni huyu bibi mnayemwona. Walifurahia kosa langu kupita kiasi. Nikaenda nyuma, nikajibana kwenye dawati na wasichana watatu.

Mama hakujitambulisha. Alitandika gunia safi sakafuni, akawaambia wa mbele waketi chini na wa nyuma wapande juu ya madawati, jambo ambalo mimi nawapigia kelele kila siku. Akaweka kipande kimoja, akawaambia hapo ndipo tulipo sisi sote. Akajenga cha upana wa mbili, cha upana wa tatu. Kisha akaanza sakafu ya Mshtarii. Alipanga fungu la kumi na moja, akawaachia watoto waseme, akapanga la pili, wakasema ishirini na mbili, na kufika la nne walikuwa wanajumlisha wenyewe kwa mafungu na sauti ya darasa ilisikika mpaka ofisini. Sakafu ilipokamilika ilikuwa kipande cha manjano cha kukalia paka. Mama akasimamisha kijiti pembeni yake, akaonyesha kwa kidole kimo ambacho sakafu nyingine kumi zingefika. Watoto wakakitazama kile kipande kimoja kilichobaki peke yake kwenye gunia. Mtazamo huo ndio niliokuwa nimeusubiri tangu nifungue kile kitabu.

Mvulana mmoja akasema sabuni ya Ujiji nzima haitoshi kutengeneza Mshtarii. Mama akamjibu kwamba itatosha, ila tutanuka mpaka Krismasi. Walicheka, na yeye akacheka nao, mkono kiunoni, mbele ya ubao ule.

Halafu msichana aliyekaa karibu nami akanyoosha mkono. Ni mtoto mwenye adabu, aliuliza kwa heshima, hakujua anachokigusa.

"Bibi, shikamoo. Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

Nikashika ukingo wa dawati. Nilitaka kunyanyuka nijibu mimi, niseme chochote, niwaambie muda umekwisha. Lakini nilikuwa nimeambiwa nikae nyuma. Mama alifuta mikono kwenye kitenge taratibu, mmoja kisha wa pili, akamtazama yule mtoto, sio mimi.

"Marahaba, mama. Nilianza hapahapa," akasema. "Leo ndiyo siku yangu ya pili."

Kisha akauliza kama kuna mwenye swali lingine.